Shadya, fundi wa Aggrey asiyegusa bodi bila njia ya kurudi

Kipande cha kitenge chekundu kinaning'inia kwenye swichi kuu ya umeme, na uchochoro mzima unajua maana yake. Muuza spika anazima muziki bila kuambiwa. Dada wa chai anachomoa jagi lake la umeme na kukaa. Mafundi simu wanaweka chini pasi zao za kuchomelea, wanatoa simu mifukoni na kuanza kuperuzi. Mpaka kitenge kitakapoondolewa, hakuna atakayegusa plagi.

Shadya anaandika bodi.

Hapa ni nyuma ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, siku chache kabla ya Krismasi. Kule barabarani mikokoteni inapigana vikumbo na watu, kila mmoja ana boksi kichwani au mfuko mkononi. Humu ndani joto limetuama. Meza za mafundi zimeegeshwa ukutani, zote zinakula umeme wa mita moja ya luku, na ya mwisho kabisa, penye dirisha, ni ya Shadya Nampembe, miaka ishirini na saba, fundi kompyuta.

Mbele yake ipo kompyuta ya mezani ya zamani, rangi yake kama maziwa yaliyochacha, kifuniko kimevuliwa. Pembeni, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, ameketi mwenye nayo, mkoba kaupakata kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Mwanangu, nipumue au nisipumue?" anauliza.

"Pumua Mama Lucky, ila usisimame," anajibu Shadya, macho kwenye skrini.

Mama Lucky, jina lake Severa Kimario, ana karakana ya kudarizi nembo za sare za shule, ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Narung'ombe. Mashine yake ya kudarizi hufuata michoro inayotoka kwenye kompyuta hii na si nyingine. Programu ya michoro ilifungwa kwenye bodi hii, ile sahani ya ndani inayobeba chipu zote, miaka mingi nyuma na kampuni iliyomuuzia mashine, na kampuni yenyewe ilishafunga milango. Bodi ikifa, programu inakufa nayo. Nembo za shule zote alizowahi kuchora zinabaki kuwa hadithi.

Na shule zinafunguliwa Januari. Mashati yameshaletwa, yamejaa mpaka kwenye ngazi.

Tatizo lenyewe lilianza kwa mlio. Ndani ya kompyuta, diski ilianza kugonga, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Shadya anasema mlio huo haudanganyi, diski ikigonga hivyo ujue inaaga. Kwa kompyuta nyingine angebadilisha diski na mteja akaondoka kabla chai haijapoa. Hii ni ya zamani mno. Programu iliyo kwenye bodi, ile mafundi wanayoiita bayosi, haizijui diski za siku hizi.

"Bayosi ndiyo inayoamka kwanza," anaeleza. "Ukibonyeza kitufe, kabla hujaona picha yoyote, kuna programu ndogo imekaa kwenye chipu, juu ya bodi yenyewe. Inaamka, inaita wenzake. Wewe diski upo? Wewe memori upo? Sasa hii ya Mama Lucky ni ya kizamani. Diski mpya inaitika, yenyewe haielewi ile lugha."

Dawa ni kufuta bayosi ya zamani na kuandika mpya kwenye chipu hiyo hiyo. Maneno ni mepesi. Hatari imekaa katikati, pale ambapo ya zamani imeshafutika na mpya haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, kompyuta haina tena kitu cha kuiamsha. Feni inazunguka, taa inawaka, basi. Shadya anaifananisha na mtu anayepumua lakini hana fahamu.

Ndiyo maana kazi hii haitangazi. Mteja akimjia anataka bayosi mpya ili kompyuta iwe nyepesi, humrudisha. Inayofanya kazi iache ifanye kazi. Kabla ya kumkubalia Mama Lucky alizunguka Kariakoo yote kutafuta diski ndogo za kizamani. Alizozipata zilikuwa za mtumba, na kila aliyoichomeka iligonga kama mwenzake.

Kwa hiyo leo asubuhi Mama Lucky ameingia uchochoroni na kompyuta yake imebebwa mkokotenini, imefungwa kwa shuka, na nyuma yake kijana mrefu mwenye begi. Ni Eliakimu, mtoto wa kaka yake, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Yeye ndiye aliyemwambia shangazi yake kwamba bayosi ikipandishwa kuwa mpya, diski mpya itaonekana. Amekuja na faili tayari kwenye flashi, alilitafuta kwa kufuata namba iliyo kwenye stika ya kasha.

Shadya amemshukuru. Kisha ameomba bisibisi.

"Kaka Elia, hilo ni jina la nyumba. Ngoja tumuulize mwenye nyumba."

Kifuniko kimefunguliwa, vumbi limetoka, na bodi iliyokuwa ndani haikuwa ile ya kwenye stika. Hata kiwanda si kimoja. Mtu wa Kariakoo hashangai. Kompyuta nyingi za humu zilikuja zimetumika, na bodi ikifa fundi huingiza yoyote inayokaa kwenye matundu ya kasha. Stika haibanduliwi na mteja haambiwi. Ukiandika bayosi ya bodi hii kwenye bodi ile, umeiua kwa mkono wako.

Mama Lucky amekumbuka kwamba mwaka fulani, kabla hajanunua mashine ya kudarizi, fundi mmoja wa kupita aliichukua kompyuta kwenda kuipuliza vumbi, akairudisha kesho yake. "Kumbe alipuliza mpaka bodi ikaruka," amesema, na Eliakimu amecheka hadi amelazimika kuegemea ukuta. Kisha ametoa simu, ameinama juu ya bodi, amenakili namba iliyoandikwa kwenye bodi yenyewe na kuanza kutafuta upya.

Aliyoyapata yamebadilisha mpango wote. Chini ya faili palikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, na katikati yake sentensi moja inayosema bodi yenye bayosi ya zamani sana isiruke moja kwa moja hadi ya mwisho. Kuna ya katikati, lazima ianze hiyo.

Shadya aliishia darasa la saba, Nachingwea. Kiingereza cha skrini anakisoma kama dereva anavyosoma alama za barabarani, anajua panaposema simama na panaposema pita. Maelezo marefu hayamkai.

"Hapo Elia kaniokoa," anasema bila kung'ata maneno. "Mimi ningeruka."

Kumekuwa na jambo moja la mwisho kabla ya kitenge kutundikwa. Shadya amezima kila kitu, amechomoa waya wa umeme, ametoa kwenye droo kibano kidogo chenye meno ya shaba na kukibanisha juu ya chipu ya bayosi. Kibano kina waya unaokwenda kwenye laptopu yake. Polepole, chipu imesomwa yote, herufi kwa herufi, na nakala yake imehifadhiwa. Ameisoma tena mara ya pili akazilinganisha nakala mbili. Zimefanana.

Fundi Beno, mzee wa meza ya pili, hakuweza kujizuia. "Huyu binti akienda kuoga anapiga kwanza picha ya nguo zake, ajue zilivyokuwa."

"Wewe cheka, mzee," amejibu Shadya. "Siku utakapotoka bafuni nguo hazipo, utanitafuta."

Beno ana haki ya kumtania, kwa sababu ndiye aliyemkalisha. Shadya alipofika mjini alikaa kwa shangazi yake Buguruni na kuuza korosho za kukaanga, akizunguka Mnazi Mmoja asubuhi na kumalizia Kariakoo mchana. Jua likiwa kali alipumzika kwenye uchochoro huu, karibu na meza ya Beno, mtu wa Masasi, ambaye alinunua korosho kwa mazungumzo kuliko kwa njaa. Siku moja Beno alimpa brashi na kikopo cha spiriti, akamwambia asafishe bodi moja iliyoliwa na chumvi ya pwani. Aliisafisha mpaka chini ya miguu ya chipu.

"Hakuniuliza nimesoma wapi," anakumbuka. "Aliniuliza kama mkono wangu unatetemeka."

Korosho zikapungua, brashi ikazidi. Alikaa pembeni akitazama, siku baada ya siku, haulizi mpaka amekwama kabisa. Beno anasema wanafunzi wake wengi waliwahi kushika chuma cha moto kabla ya kujua kinaunguza nini, ila huyu alitazama karibu mwaka mzima. Leo macho ya Beno yamepungua, anarekebisha spika za masikioni na redio. Bodi ndogo ndogo anampelekea Shadya.

Kibano alikinunua baada ya kuona bodi ya mteja wa jirani ikifa katikati ya kuandikwa, mteja akaondoka na kasha tupu begani. Kazi ya bayosi huitoza kati ya elfu thelathini na elfu hamsini, na haiji kila wiki. Mwezi ukiwa mzuri, baada ya kodi ya meza na mchango wa luku, humbakia kama laki nne.

Sasa basi, kitenge kipo kwenye swichi. Bayosi ya katikati imeandikwa salama, kompyuta imejizima na kujiwasha. Shadya anaanza ya mwisho. Mstari mweupe unatambaa kwenye skrini, unafika nusu.

Umeme unakatika.

Feni la ukutani linapunguza mbio na kusimama. Chini ya meza yupiesi, lile boksi la betri, linaanza kulia, lakini skrini bado inang'aa na mstari bado unatambaa. Mama Lucky ameshasimama. Shadya anamwonyesha kreti kwa kidole, bila kugeuka. Betri inatosha, anasema. Na ingetosha.

Ila uchochoro huu una desturi yake. Umeme ukikatika, mwenye jenereta huwasha na kuwagawia majirani, na mwenye jenereta ni Abdulmajid, yule muuza spika. Abdulmajid anaijua kompyuta ya Mama Lucky, anajua maana ya kitenge, na roho yake nzuri ndiyo iliyomponza. Amekimbia hadi mwisho wa uchochoro, amevuta kamba, na kabla injini haijatulia amegeuza njia ya umeme ili wa jenereta uingie kwenye meza zote.

Jenereta lile huanza kwa kukohoa. Umeme umepanda, umeshuka, umepanda tena. Yupiesi ya Shadya, iliyonunuliwa imetumika, imelia mara moja kwa sauti ndefu na kunyamaza.

Skrini nyeusi.

Abdulmajid anarudi akifuta mikono kwenye suruali, uso umemchanua. "Nimewahi, sista. Au sio?"

Wote wanaitazama skrini. Ni Beno anayesema mwishowe, kwa upole, "Umewahi, Majidi. Umewahi kuliko ilivyotakiwa."

Ndipo Abdulmajid anaiona skrini, na uso wake unakwisha. Anarudi mbio kulizima jenereta. Eliakimu ameziba mdomo kwa ngumi. Mama Lucky hajalia wala hajalalamika, ameuliza swali moja tu.

"Imekufa?"

"Imezimia," anasema Shadya.

Anachomoa waya wa umeme. Anafungua droo, anatoa kibano. Laptopu yake ina betri yake yenyewe, haihitaji umeme wa mtu. Anabana chipu, anabonyeza. Laptopu inasema haioni kitu. Anatoa kibano, anakitazama meno, anakirudisha. Haioni kitu.

Kelele za Aggrey zinasikika mpaka mezani, wauza nguo wanaita bei, mbeba mizigo anatukanwa.

Shadya haharakishi. Anachukua brashi ya zamani, anachovya spiriti, anasugua miguu ya chipu mmoja baada ya mwingine, anapuliza, anasubiri ikauke. Anabana tena, safari hii akiwa ameshikilia kibano kwa vidole viwili asikiachie. Laptopu inaiona chipu. Anairudishia nakala ya asubuhi, ile ya zamani, neno kwa neno. Kisha anaisoma upya kuhakikisha kilichoingia ndicho kilichokuwemo.

Abdulmajid amesimama pembeni kama mtu aliyeitwa kituoni. Anaomba radhi kwa Mama Lucky, anaomba kwa Shadya, anaanza upya kwa Mama Lucky. Shadya anamkatiza bila ukali, anamwambia mtu mbaya asingekimbia, avute kiti akae.

Umeme wa shirika unarudi alasiri. Wanausubiri utulie. Ndipo Shadya anabonyeza kitufe. Feni inazunguka. Kimya. Halafu mlio mmoja mfupi, na maandishi meupe yanajipanga kwenye skrini. Diski inagonga, tak, tak.

"Yesu na Maria," anasema Mama Lucky, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaweka mkoba chini.

Lakini hapo ndipo penye uzito. Kompyuta ni nzima, bayosi ni ya zamani, na diski inayokufa bado inakufa. Baada ya safari yote wamerudi pale pale walipoanzia. Beno anashauri wakubali walichopewa, kesho diski itaamua yenyewe. Eliakimu, aliyekuwa na maneno mengi asubuhi, anatazama viatu vyake. Mama Lucky ana tiketi ya basi la kwenda Rombo alfajiri, na nyumbani kwao mtu asipofika Desemba huulizwa kama bado yupo kwenye hesabu ya ukoo. Angeweza kufunga kifuniko, akaenda kuhesabiwa, akaiacha kazi ya Januari mikononi mwa Mungu.

Anamgeukia Shadya. "Ingekuwa yako, ungefanyaje?"

Shadya anakigusa kibano kilicho mezani.

"Ningerudia. Asubuhi nilikuwa najua njia ya kurudi ipo. Sasa nimeipita."

Mama Lucky anamtazama kama mtu anayepima kitambaa kwa macho kabla ya kukata.

"Andika," anasema.

Kitenge kinarudi kwenye swichi. Yupiesi inabadilishwa kwa ile ya fundi simu wa meza ya mlangoni, ambayo betri yake ni mpya. Abdulmajid anatoka kimya kimya, anarudi ameshika waya mweusi wa plagi ya jenereta, ule ambao bila huo injini haiwaki, anautia mfukoni mwa shati lake na kukaa juu ya spika, mbele ya watu wote, mikono magotini. Hata akitaka kusaidia, hawezi. Kicheko kinapita uchochoroni, chepesi, kicheko cha watu waliotaka kucheka tangu mchana.

Bayosi ya katikati inaingia. Ya mwisho inaanza. Mstari unatambaa, unapita nusu, unapita pale ulipofia, unafika mwisho, na kompyuta inajiwasha yenyewe.

Diski mpya imeonekana. Jina lake limeandikwa kwenye skrini, kamili.

Kuhamisha kilichokuwa kwenye diski ya zamani kumechukua alasiri yote iliyobaki, na diski hiyo imegonga mpaka dakika ya mwisho. Maduka ya Aggrey yanashusha milango ya chuma wakati Mama Lucky anafungua mchoro wa kwanza kuujaribu. Ni nembo ya shule ya msingi, jembe na kitabu ndani ya duara la mahindi. Anaigusa skrini kwa kidole, kwenye hindi mojawapo. Anasema hilo alilichora mara tatu, mwalimu mkuu alikuwa analikataa, anadai linafanana na samaki.

Kesho atapanda basi. Binti anayemwendeshea mashine, Mwanne, ataanza na mashati ya kwenye ngazi.

Shadya anafunga droo na kunawa mikono kwenye ndoo ya dada wa chai. Kazi ya leo imempa wazo ambalo amekuwa akilizungusha kichwani kwa muda. Nakala ya bayosi ya Mama Lucky imebaki kwenye laptopu yake, na pamoja nayo zipo za bodi nyingine kadhaa alizowahi kubana. Anataka ziwe nyingi. Kuanzia sasa kila bodi ya zamani itakayopita mezani kwake ataichukulia nakala kwa ruhusa ya mwenyewe, hata kama imekuja kubadilishwa feni tu.

"Waliozitengeneza wanaziondoa kwenye mitandao yao, wanasema zimepitwa," anasema. "Zimepitwa wapi? Huku kuna maduka, kuna shule, kuna zahanati, zinafanya kazi kila siku. Nataka fundi wa Songea au wa Tunduru bodi ikimfia mkononi, anipigie, nimtumie nakala kwa simu, aiamshe."

Eliakimu ameahidi kumsaidia kuzipanga kwa majina ya bodi, siyo ya makasha. Wamepeana namba.

Ataanzia nyumbani. Sikukuu ya Idi atakwenda Nachingwea, na kibano kitakuwa kwenye mkoba pamoja na zawadi za mama. Katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule aliyosoma kuna kompyuta moja iliyoletwa zamani, wanaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na matokeo ya wanafunzi wote yamo humo. Mara ya mwisho alipopita hapo hakuwa na kifaa.

"Niliwauliza juzi kwa simu, wakaniambia inawaka bado," anasema, akijifunga ushungi vizuri kwa safari ya kurudi Buguruni. "Nataka niikute ingali inawaka."